Mwalimu wa bendi akipanda cheo, ngoma amwachie nani?

Barua ya juma hili, msomaji mpenzi, imetoka mbali. Imeandikwa Kalokol, kule kando ya Ziwa Turkana, ikapanda gari hadi Lodwar, kisha ikasafiri usiku kucha kupitia Kitale mkononi mwa mwanafunzi wa chuo aliyekuwa akirejea Nairobi masomoni. Ilipofika mezani kwangu bahasha ilikuwa imebadilika rangi kwa vumbi. Mwandishi wake ni mwalimu wa muziki, mama wa watoto watatu. Jina lake ninalo, lakini ameniomba nisilitaje, wala shule anayofundisha, nami nitalichunga ombi hilo.

"Ndugu mwandishi," anaanza, "nimekuwa mwalimu kwa miaka 14, na miaka tisa kati ya hiyo nimekuwa hapa Kalokol. Nilipofika nilikuta ngoma mbili zilizopasuka na tarumbeta moja iliyoota kutu ya kijani. Leo nina bendi ya watoto 34. Sikukuu za kitaifa zikija, sisi ndio tunaoongoza gwaride la watoto uwanjani. Kuna mvulana wangu wa ngoma kubwa ambaye zamani alikuwa akionekana darasani siku mbili kwa juma, siku nyingine yuko ziwani akivuta nyavu. Tangu apewe ngoma ile hajakosa shule.

"Sasa wakubwa wangu wananihimiza niombe kazi ya naibu wa mwalimu mkuu. Nafasi iliyopo iko upande wa Kakuma. Mshahara utapanda, na kifungua mimba wangu yuko sekondari. Mambo ya karo unayajua mwenyewe. Lakini nikienda, bendi itakufa. Nikibaki, nitastaafu nikiwa mwalimu wa ngoma tu. Nifanyeje?"

Nimeisoma barua hii mara nne. Kilichonikaa moyoni si mambo ya mshahara wala ya uhamisho. Ni lile neno dogo la mwisho: "tu". Mwalimu wa ngoma tu. Neno hilo hakulizua yeye. Amelisikia katika chumba cha walimu, katika mikutano ya wazazi, labda hata nyumbani. Nami leo nataka kuanza na neno hilo kabla ya kufika kwenye jibu.

Mji wa nguzo na kiwanda

Kwa wewe msomaji wa Nairobi, Mombasa au Kisumu ambaye hujawahi kufika huko, Kalokol ni mji mdogo wa wavuvi na wafugaji, ulio mwendo wa kilomita 60 hivi kutoka Lodwar. Joto lake halina mzaha. Njiani utapita mahali paitwapo Namoratunga, penye nguzo za mawe meusi zilizosimamishwa mchangani. Wataalamu wa mambo ya kale wanasema kwamba nguzo za namna hiyo, upande huo wa magharibi wa ziwa, zilisimamishwa na wafugaji wa kale kiasi cha miaka 5,000 iliyopita. Wenyeji nao wana hadithi yao. Wanasimulia kwamba nguzo hizo zilikuwa watu waliokuwa wakicheza ngoma. Wakamcheka pepo aliyekuja kucheza nao, naye akawageuza mawe papo hapo, kila mmoja mahali pake.

Kalokol kuna kitu kingine kinachojulikana mbali: kiwanda cha samaki. Kilijengwa kwa msaada wa Norway mwanzoni mwa miaka ya 1980, ili samaki wa ziwa wasafishwe, wagandishwe na kupelekwa katika masoko ya mbali. Kiwanda kilifanya kazi kwa muda mfupi tu. Umeme wa kugandisha samaki katikati ya jangwa ulikula fedha nyingi kuliko samaki wenyewe, na miaka ya katikati ya 1980 maji yakakauka katika Ghuba ya Ferguson, ambako wavuvi walikuwa wakitegemea. Mnamo 1990 Kenya ilivunja uhusiano wa kibalozi na Norway, na misaada yote ikakoma. Mpaka leo kiwanda hicho hutajwa katika vyuo vya nchi nyingi kama mfano wa kitu kizuri kilicholetwa bila kufikiriwa ni nani atakayekiendesha kesho.

Nimevitaja vitu hivi viwili kwa sababu. Bendi ya shule ni kama kiwanda kile: vyombo peke yake havipigi muziki. Na bendi ikikosa mtu wa kuishika, husimama palepale kama zile nguzo. Vijiti vipo, ngoma zipo, sare zipo, lakini hakuna anayecheza.

Stoo ya saruji

Kunradhi msomaji, hapa nitajitia kidogo. Mimi mwenyewe nilipiga ngoma ndogo katika bendi ya shule. Shule hiyo sitaitaja, na wala si ya Turkana. Tulikuwa na mwalimu aliyekuwa akifika uwanjani saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ya umande kukauka, akatusimamisha mistari minne na kutuambia kitu kimoja kila siku: "Msisikilize ngoma yako. Sikiliza ya mwenzako." Sikuielewa sentensi hiyo mpaka nilipoanza kufanya kazi na watu.

Mwalimu huyo alipandishwa cheo, akaenda kuwa mwalimu mkuu kwingine. Tulimwandalia sherehe, tukampigia gwaride, wengine wetu tukalia. Muhula uliofuata hakuna aliyetuita uwanjani. Baadaye shule ikaanza kujenga maabara na pakatakiwa mahali pa kuweka saruji. Ngoma zikarundikwa pembeni, mifuko ikawekwa juu yake. Mwaka uliofuata tulipofungua stoo hiyo tulikuta panya wamezitoboa ngozi zote, na tarumbeta zimepondeka kama sufuria za kuchezea watoto.

Nani aliiua bendi yetu? Kwa miaka mingi nilimlaumu mwalimu aliyeondoka. Kisha nikamlaumu aliyeweka saruji. Lakini yule wa saruji hakuwa mtu mbaya. Alitaka watoto wapate maabara. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba stoo ile ilikuwa na mwenyewe. Bendi ilikuwa ya mtu mmoja, na mtu huyo alipoondoka, ilibaki yatima.

Jambo moja nililijua siku hiyo na sijalisahau. Bendi ya shule haifi uwanjani. Hufia ofisini, pale ambapo ratiba hupangwa, ufunguo hutolewa na shilingi hugawanywa. Na kama hufia ofisini, basi ni ofisini humo humo inakoweza kuokolewa.

Walioanzia kwenye noti

Sasa turudi kwenye lile "tu". Mwaka 1963, nchi hii ilipokuwa ikijiandaa kwa uhuru, ilihitaji wimbo wa taifa. Kazi hiyo haikupewa majenerali wala mawakili. Ilipewa watu watano wa muziki: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Wakachukua lahani ya wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea mtoto, wakaipanga, wakaitungia maneno ya Kiswahili na ya Kiingereza, na ndiyo tunayoisimamia wima mpaka leo. Kila mtoto wa shule katika Kenya hii, kuanzia Vanga hadi Lokichoggio, husimama kwa heshima mbele ya kazi ya watu wa kwaya na noti.

Tazama pia walikopitia na walikofikia. Hyslop aliwahi kuwa afisa wa muziki na drama wakati wa ukoloni, na baada ya uhuru akawa mkaguzi wa muziki katika Wizara ya Elimu. Ndiye pia aliyeandika mchezo wa Kiswahili uitwao Afadhali Mchawi. Senoga-Zake, mzaliwa wa Uganda, aliendelea kufundisha na kukusanya nyimbo za makabila ya Kenya, na mwaka 1986 kikatoka kitabu chake juu ya muziki wa kienyeji wa nchi hii. Kalume, aliyekuwa kasisi, aliingia Bungeni kuwawakilisha watu wa Malindi Kaskazini.

Lakini wa kuangaliwa zaidi na mwalimu wetu wa Kalokol ni Washington Omondi. Alikwenda London kusomea shahada ya uzamifu, na mwaka 1980 akaimaliza kwa utafiti juu ya kinanda cha nyuzi cha Waluo, thum. Hakuona haya kupeleka chombo cha kijijini katika chuo kikuu cha Ulaya. Akafundisha katika Chuo Kikuu cha Kenyatta. Mwaka 1982 Rais Daniel arap Moi alipounda tume ya kuchunguza hali ya muziki nchini, Omondi ndiye aliyepewa uenyekiti. Tume hiyo ilitoa ripoti yake mwaka 1984, na mwaka 1988 ikaundwa Tume ya Kudumu ya Muziki ya Rais.

Miaka hiyo hiyo ndiyo muziki ulipopata kiti darasani. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, muziki uliwekwa miongoni mwa masomo ya kutahiniwa katika mtihani wa darasa la nane. Wengi wetu tulijifunza kusoma noti wakati huo, tukipuliza filimbi za plastiki mpaka majirani wakatuchukia. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 somo hilo likaondolewa katika mtihani. Halikukatazwa, la. Liliachwa tu bila mtihani, na sote tunajua shule zetu hufanya nini na somo lisilo na mtihani. Kipindi chake hupewa hesabu.

Mfano mwingine ni Boniface Mganga wa Taita, aliyeunda Kwaya ya Kitaifa ya Muungano na kuizungusha katika nchi za nje mpaka ikarekodi Missa Luba, ile misa iliyotungiwa Kongo. Baadaye watu wa Voi walimchagua kuwa mbunge wao. Aliyeweza kuzipatanisha sauti nne hakushindwa kuomba kura.

Basi Mwalimu, ukisikia tena mtu akikuita mwalimu wa ngoma tu, mwambie kwamba njia unayoitazama imekwisha kupitwa na wengine, na hawakupotea.

Kazi ni ile ile

Wapo wanaodhani kwamba kuongoza bendi na kuongoza shule ni mambo mawili mbalimbali. Hebu tuhesabu pamoja.

Mwalimu wa bendi hupanga saa za mazoezi zisizogongana na masomo ya wengine. Katika Turkana hulazimika pia kupatana na jua. Tarumbeta ikipata joto sauti yake hupanda, na ikipanda haipatani tena na zile filimbi. Filimbi zenyewe zikiachwa juani hujikunja. Kwa hiyo bendi hukutana alfajiri au jioni. Vumbi likiingia katika vibonyezo vya tarumbeta huchanganyika na mafuta likawa kama uji, navyo hukwama, kwa hiyo lazima kuwe na siku ya kuosha. Hiyo ni kupanga ratiba na kutunza mali ya shule.

Huomba fedha za ngozi za ngoma kwa watu wasioona kwa nini ngozi inunuliwe wakati madawati hayatoshi. Hutafuta fundi wa sare. Huandika barua kwa wazazi kuomba ruhusa ya safari, hukodi gari, huhesabu watoto wakipanda na kuwahesabu tena wakishuka. Hiyo ni bajeti na usalama.

Humpa ngoma kubwa mtoto ambaye wengine walikwisha kumkatia tamaa, na ngoma humrudisha shuleni. Hiyo ndiyo elimu yenyewe. Naibu wa mwalimu mkuu, ambaye ndiye mwenye mzigo wa nidhamu katika shule zetu, angekuwa na njia ngapi za kumtoa mvulana yule ziwani? Kiboko kilipigwa marufuku zamani. Barua kwa mzazi asiyejua kusoma haisaidii. Mwalimu huyu alipata njia ya tatu, na njia hiyo haimo katika mwongozo wowote wa ofisi.

Hata hivyo mgala muue na haki mpe. Kuna kasoro ambazo watu wa bendi huingia nazo ofisini, na ni vema zitajwe. Mwenye kuongoza bendi amezoea kuinua fimbo na watu 34 wakaanza pamoja. Katika chumba cha walimu hakuna fimbo. Walimu si wapiga ngoma wako, nao wana haki ya kukuuliza kwa nini wimbo huu na si ule. Wazazi hawasomi noti. Bodi ya Usimamizi ina watu wazima wenye maoni yao. Kiongozi anayetaka shule nzima itembee kwa mguu wake wa kushoto atajikuta akitembea peke yake.

Dawa ya kasoro hiyo ni lile neno la mwalimu wangu wa zamani. Usisikilize ngoma yako. Sikiliza ya mwenzako.

Ngazi yenye mlango mmoja

Kuna lawama nyingine hapa, nayo haimhusu mwalimu wetu bali utaratibu wa kazi yenyewe. Tume ya Huduma kwa Walimu (TSC) ilitoa mwaka 2018 mwongozo wa jinsi walimu wanavyopanda vyeo. Mtu anajua sasa atoke wapi afike wapi, na hilo ni jambo jema. Lakini ngazi nyingi za juu zimefungamana na usimamizi. Mwalimu hodari wa darasani akitaka mshahara mkubwa, mlango ulio wazi zaidi ni ule wa kutokea darasani. Na mara nyingi cheo huja pamoja na uhamisho.

Mijini uhamisho kama huo huumiza kidogo tu. Akiondoka mwalimu wa muziki Nairobi, mwingine yuko mtaa wa pili. Katika kaunti kama Turkana, ambako kilio cha uhaba wa walimu ni cha miaka mingi, akiondoka mmoja pengo lake huweza kukaa wazi mpaka watoto aliowaacha wamalize shule. Ndiyo sababu swali la mwalimu huyu si swali la mtu mmoja. Ni swali la kila shule iliyo mbali na lami, kuhusu kila mwalimu anayejua jambo ambalo wenzake hawalijui.

Upande wa pili wa mambo nao upo. Mtaala wa umilisi, CBC, umegawa sekondari ya juu katika mikondo mitatu, na mmoja wa hiyo ni Sanaa na Sayansi ya Michezo. Kwa maandishi, muziki umerudishiwa kiti chake. Kwa vitendo, mkondo huo utakuwa na uhai pale tu ambapo wanaokaa ofisini wanaamini kwamba ni masomo kweli, tena watoto wawe wameandaliwa tangu msingi. Mkuu asiyejua muziki ataona gharama za vyombo; anayejua ataona pa kuanzia. Tukiwaacha watu wa muziki wote uwanjani wakipiga ngoma, na ofisi zote tukawaachia wale wanaotafuta stoo za saruji, tusije tukashangaa.

Mashauri yangu

Kwa hiyo jibu langu, Mwalimu, ni hili: iombe kazi hiyo. Lakini usiondoke kama alivyoondoka mwalimu wangu. Tangu leo mpaka siku ya barua ya uhamisho una miezi kadhaa, na ifanyie kazi hivi.

Kwanza, tafuta mwenzako mmoja katika chumba cha walimu. Si lazima ajue muziki. Atosheke kuwa mtu anayewapenda watoto hao na asiyechoka kuamka mapema. Mfundishe kuhesabu nne, mfundishe kusikia ngoma inapokimbia, mkabidhi zoezi moja kwa juma nawe ukae pembeni. Utaumia kuona akikosea. Vumilia.

Pili, wafanye watoto wenyewe kuwa walimu. Kila mpiga ngoma wa darasa la juu awe na mdogo mmoja wa darasa la chini anayemfundisha. Yule mvulana wako wa ngoma kubwa umpe wawili. Mtoto anayefundisha haondoki shuleni kwa urahisi, kwa sababu kuna mtu anayemngoja.

Tatu, itoe bendi katika mikono yako uitie katika vitabu vya shule. Kila ngoma, kila filimbi, kila sare iandikwe katika daftari la mali, na nakala iwe kwa mwalimu mkuu. Ufunguo wa stoo uwe kwa watu wawili. Iombe Bodi ya Usimamizi, ambayo kwa Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ndiyo yenye dhamana ya shule, iandike katika kumbukumbu za mkutano kwamba stoo ile ni ya bendi na saa zile za jioni ni za bendi. Karatasi moja yenye sahihi ingeziokoa ngoma zetu na panya.

Nne, nyimbo zako ziandike. Zile lahani ulizozipata kwa wazee na kuzipangia tarumbeta, zile za wanaume wanaomwimbia fahali wao kipenzi kama ilivyo desturi ya Waturkana, zitie katika noti, na uzirekodi katika simu pia. Zilizo kichwani mwako utaondoka nazo.

Tano, mwezi wa mwisho usishike fimbo kabisa. Siku ya gwaride keti na wazazi, mikono mapajani. Bendi ikitembea bila wewe, umemaliza kazi yako. Ikianguka, bado una wiki chache za kuisimamisha.

Na ukishafika upande wa Kakuma, usikimbilie kuanzisha bendi muhula wa kwanza. Kambi ya wakimbizi ya Kakuma imekuwapo tangu mwaka 1992, na watoto wanaosoma pande hizo wametoka Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Burundi, Ethiopia na kwetu hapa hapa Turkana. Kaa kwanza usikilize wanachoimba wakati wa mapumziko. Koo halihitaji bajeti, wala mguu unaoruka katika ngoma ya edonga hauhitaji mafuta. Jifunze unaibu wako vizuri: majina ya walimu, hesabu za fedha, maji ya kunywa yanatoka wapi. Lakini hata kazi iwe nyingi namna gani, baki na kipindi kimoja cha muziki kwa juma. Mkuu asiyeingia darasani hata mara moja husahau shule inanuka vipi.

Kwako mzazi wa mjini

Nawe mzazi uliyefika mpaka hapa ukidhani mambo haya ni ya Turkana, ngoja kidogo. Tamasha la Muziki la Kenya lina historia ya tangu mwaka 1927, na kila mwaka watoto wetu hupanda jukwaani wakaimba, wakacheza na kupiga vyombo. Tunapiga makofi, tunapiga picha, kisha tunarudi nyumbani na kumwambia mtoto sasa aache michezo ashike vitabu. Ni sisi tunaolitia mwalimu lile neno "tu" kinywani.

Mkutano ujao wa wazazi, ukishamaliza kuuliza juu ya alama na chakula, inua mkono uulize maswali mawili. Bendi au kwaya ya shule hii hufanya mazoezi siku gani? Na mwalimu wake akihamishwa kesho, ni nani atakayeishika? Ukiona mwalimu mkuu anawatazama wenzake bila jibu, basi ujue saruji iko njiani.

Mwalimu wangu wa Kalokol, nakutakia heri katika usaili wako. Wakikuuliza umewahi kuongoza nini, usiwaambie kwamba ni bendi tu. Waambie umeongoza watoto 34 katika jua la Turkana, kila mmoja na chombo chake, na wakafika mwisho wa uwanja pamoja. Na siku utakayoketi pembeni ukiisikia bendi ikipita bila wewe, niandikie. Nitaitangaza barua hiyo hapa hapa.

Hadi Jumapili ijayo, kwaherini.